Neno Moja la Nasadiki

Katika Misa nyingi za Kiingereza, hasa Marekani na Kanada, Nasadiki inapofika mahali panapotajwa sababu ya Kristo kushuka kutoka mbinguni, sauti za waamini huachana kidogo. Misale inasema alishuka kwa ajili yetu sisi men. Baadhi hulitamka neno hilo kama lilivyochapwa. Wengine huliruka na kwenda moja kwa moja kwenye wokovu wetu, na papo hapo kanisa zima linasali tena kwa sauti moja. Mgeni anaweza asigundue lolote. Hata hivyo, silabi hiyo moja imepita katika kamati, kura na barua za Roma kwa miongo kadhaa, na pande zote mbili walikuwamo watu waliolipenda Kanisa kwa dhati.

Ugomvi huo ulibeba maswali mawili yaliyofungwa pamoja kana kwamba ni moja. La kwanza ni namna sala inavyowataja watu. La pili ni namna inavyomtaja Mungu. La kwanza lilikuwa na jibu, na kwa muda fulani jibu hilo lilikuwa mkononi. La pili linagusa kiini cha imani. Kwa kuwa hayakutenganishwa mapema, lile jepesi likakwama pamoja na lile zito.

Kutoka Nikea hadi Seneca Falls

Maaskofu waliokutana Nikea mwaka 325, na wenzao wa Konstantinopoli mwaka 381, walitunga kanuni ya imani kwa Kigiriki. Lugha hiyo ina neno la mwanadamu, anthropos, na jingine la mwanamume, aner. Wao walitumia la kwanza. Kilatini nacho kilikuwa na jozi ya namna hiyo, homo na vir, na watafsiri wakachagua homo. Mwanamke wa Roma aliyesikia neno hilo hakuhitaji kuelezwa kwamba yeye naye yumo.

Mwaka 1549, Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipoihamisha ibada ya Waingereza kutoka Kilatini kwenda lugha yao wenyewe, homines wakawa men. Halikuwa kosa. Katika Kiingereza cha kale mann alikuwa mtu yeyote, mwanamume akiitwa wer na mwanamke wif. Kufikia siku za Cranmer neno wer lilikuwa limekwisha kutoweka, na men likawa linabeba maana mbili, ya watu wote na ya wanaume peke yao, huku msikilizaji akiachiwa kupambanua mwenyewe. Biblia ya King James ya mwaka 1611 na Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 vikauimarisha usemi huo. Kwa karne tatu sala zilibaki palepale, wakati lugha ya sokoni, shuleni na mahakamani ikiendelea na safari yake.

Mahali lugha hiyo ilipofikia palionekana wazi mwaka 1848 katika mji mdogo wa Seneca Falls, jimbo la New York. Elizabeth Cady Stanton na wenzake walikuwa wakiandika tamko la haki za wanawake. Walichukua maneno ya Azimio la Uhuru la Marekani yanayosema kwamba men wote wameumbwa sawa, wakaongeza: na wanawake. Nyongeza hiyo ingekuwa haina maana kama neno la zamani lingekuwa bado linawakusanya wote. Wanawake hao walikuwa raia wasio na kura. Walijua kwa maisha yao kwamba sheria iliposema men haikuwahesabu.

Karibu nusu karne baadaye Stanton huyohuyo alitoa Biblia ya Mwanamke, sehemu ya kwanza mwaka 1895 na ya pili mwaka 1898. Humo alipendekeza sala zielekezwe pia kwa Mama wa mbinguni, sambamba na Baba. Chama cha wanawake waliokuwa wakidai kura kilijitenga na kitabu hicho mwaka 1896, kwa hofu ya kupoteza waungaji mkono. Kwa hiyo maswali yote mawili yalitoka katika kalamu ya mtu mmoja: lile la 1848 lilihusu watu, lile la 1895 lilihusu Mungu. Watu waliokuja baadaye waliyarithi yakiwa fungu moja.

1963–1981: Kilatini kinaondoka

Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake kuhusu liturujia, na mlango wa lugha za watu ukafunguka. Wiki chache kabla ya hapo, maaskofu wa nchi zinazotumia Kiingereza walikuwa wamekubaliana mjini Roma kuunda tume moja ya tafsiri, ICEL. Miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Denis Hurley, Askofu Mkuu wa Durban, aliyekuja kuiongoza kuanzia mwaka 1975 hadi 1991. Ndiye huyo aliyesimama hadharani kupinga ubaguzi wa rangi Afrika Kusini.

Maelekezo ya Roma ya Januari 1969, Comme le prévoit, yaliwataka watafsiri wamfikirie msikilizaji na maana nzima ya sala badala ya kufuata neno kwa neno. ICEL ikafanya kazi kwa haraka, na mwaka 1973 Misale ya Kiingereza ikawa tayari. Men likawamo katika Nasadiki. Likawamo hata katika maneno ya kuweka wakfu kikombe, kwamba damu ya Kristo inamwagwa kwa ajili ya men wote.

Wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwanamke wa Kikatoliki wa Boston au Dublin alikuwa amesali kwa Kilatini tangu utoto wake, na Kilatini hakikuwahi kumtoa nje. Sasa kwa mara ya kwanza Misa ilimjia kwa lugha ya nyumbani kwake, na ikamjia na neno ambalo ofisi, vyuo na magazeti vilikuwa vimeanza kuliacha kwa sababu halikuwa likimhusu tena. Liturujia iliyotafsiriwa ili imkaribishe mtu ilimfanya ajisikie mgeni. Watu wengi wanaoandika kuhusu suala hili huanza na siasa za wanawake wa miaka ya 1970. Mimi naona chanzo cha karibu zaidi ni tafsiri yenyewe: ilichukua Kiingereza cha Cranmer na kukipeleka kwa watu wa mwaka 1973.

Siasa hizo zilikuwepo, nazo zilikuwa na nguvu. Novemba 1971 Mary Daly, mwanateolojia Mkatoliki, alihubiri katika kanisa la Chuo Kikuu cha Harvard, kisha akawaalika wanawake watoke pamoja naye. Mwaka 1973, mwaka uleule wa Misale, alitoa kitabu kilichodai kwamba kumwita Mungu Baba ndiko kunakowapa wanaume enzi. Daly aliendelea na safari yake hadi nje ya Ukristo. Wanawake wengi zaidi walibaki kanisani na waliomba jambo dogo kuliko lake.

ICEL iliwasikia hao waliobaki. Mwaka 1975 kamati yake ya ushauri iliamua kwamba tafsiri zijazo ziepuke maneno yanayowasahau wanawake au kuwaweka nafasi ya pili. Maaskofu wa Marekani wakaomba ruhusa ya kuondoa men katika maneno ya kikombe, na mwaka 1981 Roma ikakubali. Hili linastahili kutiliwa mkazo. Neno liliondolewa katika sehemu takatifu kuliko zote za Misa, damu ya Kristo ikatajwa kuwa imemwagwa kwa ajili ya wote, na hakuna fundisho lolote la imani lililotikisika. Katika Nasadiki, hata hivyo, neno lilibaki, likisubiri Misale ifanyiwe marekebisho ya jumla.

1982–1985: Swali la pili linaingia

Mwaka 1982 huko Scotland, Anne Hepburn, rais wa chama cha wanawake wa Kanisa la Scotland, alifungua mkutano wao wa mwaka kwa sala iliyomwita Mungu Mama. Hakuwa mtu wa vurugu. Alikuwa mke wa mchungaji, na alikuwa amewahi kutumikia umisionari Malawi. Magazeti yalilipuka. Mkutano Mkuu wa kanisa ukaagiza uchunguzi ufanywe, na mwaka 1984 ripoti ikaletwa. Ilieleza kwa utulivu kwamba taswira ya Mungu kama mama imo katika Isaya, imo katika sala za Mtakatifu Anselm wa karne ya 11, na imo kwa upana zaidi katika maandishi ya Julian wa Norwich, mwanamke wa karne ya 14 aliyemwita Kristo mwenyewe mama yetu. Wajumbe hawakuijadili hoja hadi mwisho. Walipiga kura ya kuachana na suala hilo.

Huko Marekani jambo lilichukua sura nyingine. Baraza la Taifa la Makanisa lilikuwa limeunda kamati chini ya Victor Gold, msomi wa Kilutheri, iandae kitabu cha masomo ya Jumapili katika lugha jumuishi. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 1983, na mbili zilizobaki zikafuata hadi 1985. Kamati haikuishia kwa kugeuza men kuwa watu. Ilimwita Mungu Baba na Mama, ikambadilisha Mwana wa Mungu kuwa Mtoto wa Mungu, na pale Abrahamu alipotajwa ikamwongeza Sara, mahali pengine hata Hajiri.

Nia ilikuwa njema. Lakini hapa ndipo mambo mawili yalipofungwa pamoja mbele ya macho ya watu wote. Mchungaji aliyetaka tu kusema ndugu zangu wake kwa waume alionekana anafuata njia itakayoishia kwa kumfuta Baba wa Yesu. Askofu aliyeogopa kumfuta Baba alianza kuogopa pia neno ndugu. Tangu hapo, kila pendekezo dogo lilipimwa kwa hofu ya lile kubwa.

Sisi tunaosali kwa Kiswahili tuko mahali pazuri pa kuona kwamba mambo hayo ni mawili. Nasadiki yetu husema wanadamu. Ndugu ni mwanamume au mwanamke. Kitenzi chetu hakimtengi huyu wala yule. Hakuna mwanamke wa Bagamoyo aliyelazimika kuruka neno ili ajione ndani ya wokovu. Na bado Mungu tunamwita Baba, na swali la maana ya kumwita hivyo liko mezani kwetu kama lilivyo kwa wengine. Wanawake wanateolojia wa Afrika waliokusanyika Accra mwaka 1989, wakiongozwa na Mercy Amba Oduyoye wa Ghana, pamoja na Mkenya Musimbi Kanyoro ambaye ni mwanaisimu na mtaalamu wa tafsiri za Biblia, walikuwa na mengi ya kusema kuhusu ujane, mila, na nani ana haki ya kuifafanua Biblia. Lugha isiyobagua jinsia haikuwamalizia kazi hiyo.

1989–1994: Jibu lililokuwa mkononi

Mwishoni mwa miaka ya 1980 hali ilianza kutulia. Jopo la makanisa yanayotumia Kiingereza lilitoa mwaka 1988 maandishi ya pamoja ya sala kuu, na katika Nasadiki likaliacha neno men: alishuka kwa ajili yetu, basi. Waanglikana wa Marekani walikuwa wamefanya hivyo katika Kitabu chao cha Sala cha 1979. Mwaka 1989 ilikamilika tafsiri mpya ya Biblia, NRSV, chini ya Bruce Metzger wa Princeton. Kanuni yake ilikuwa kwamba pale maandishi ya asili yanapowakusanya watu wote, Kiingereza nacho kiwakusanye. Majina ya Mungu yasiguswe.

Novemba 1990 maaskofu Wakatoliki wa Marekani wakaandika vigezo vyao. Walitenganisha lugha inayohusu watu na lugha inayomhusu Mungu, wakairuhusu ya kwanza ifanyiwe kazi na kuilinda ya pili. Hilo ndilo jibu ninalosema lilikuwa mkononi. Walipokea NRSV kwa matumizi ya liturujia, Roma ikakubali mwaka 1992, na Kanada ikachapa kitabu chake cha masomo mwaka huohuo.

Mwaka 1994 Roma iliondoa kibali hicho cha NRSV. Mwaka huohuo ilitoka Katekisimu ya Kiingereza, iliyochelewa miaka miwili baada ya ile ya Kifaransa kwa sababu rasimu ya kwanza iliyotumia lugha jumuishi ilikataliwa na kuandikwa upya kwa msaada wa Askofu Mkuu wa Hobart, Australia.

Upande wa Roma haukuwa na ukaidi mtupu. Chukua Zaburi ya 1. Kiebrania kinamsifu mtu mmoja mwenye heri, na mababa wa Kanisa walimwona Kristo ndani yake. NRSV, kwa kukwepa kiwakilishi cha kiume, ilimgeuza kuwa watu wengi, na Kristo akapotea katika umati. Zaburi ya 8 inamtaja mwana wa mwanadamu, maneno ambayo Waraka kwa Waebrania unayaelekeza kwa Yesu. Tafsiri mpya ikaweka wanadamu kwa jumla, na daraja likakatika. Hoja hizi ni za kweli na mtafsiri makini hana budi kuzijibu. Lakini zinahusu aya fulani fulani. Hazigusi Nasadiki, ambamo hakuna unabii unaopotea kwa kuacha neno moja.

1998–2011: Misale mbili

ICEL ilikuwa imetumia zaidi ya muongo mmoja kuirekebisha Misale ya 1973. Kufikia 1998 mabaraza yote 11 ya maaskofu wanachama yalikuwa yameipitisha rasimu mpya, yakiwemo ya India, Ufilipino na Afrika Kusini. Nasadiki humo ilisema kwa ajili yetu, bila neno lile.

Tarehe 28 Machi 2001 Roma ilitia sahihi Liturgiam Authenticam, maelekezo yaliyochukua nafasi ya yale ya 1969. Sasa tafsiri ilipaswa kufuata Kilatini kwa ukaribu. Kuhusu lugha jumuishi yalisema kwamba neno moja la asili linalobeba mtu mmoja na watu wote kwa pamoja lisivunjwevunjwe, na kwamba Kanisa lenyewe, si shinikizo la nje, ndilo linaloamua lugha yake. Machi 2002 Kardinali Jorge Medina Estévez, mkuu wa idara ya Roma inayosimamia liturujia, aliikataa rasmi rasimu ya 1998. Uongozi wa ICEL ukabadilishwa, na kamati mpya ya kuishauri Roma ikaanza kazi chini ya George Pell, Askofu Mkuu wa Sydney.

Misale iliyotokana na kazi hiyo ilianza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 27 Novemba 2011, na parokia za Nairobi zenye Misa ya Kiingereza nazo ziliipokea. Kuhani anapowaalika waamini wasali, kitabu kinamruhusu aseme ndugu zangu wake kwa waume. Katika Nasadiki, men limebaki. Kinachoniuma ni kwamba kanuni ya kufuata Kilatini kwa uaminifu ndiyo iliyolihifadhi, wakati Kilatini chenyewe kinasema homines.

Ubatizo

Swali la pili lilifika mwisho wa kamba kwenye kisima cha ubatizo. Baadhi ya wahudumu, hasa Amerika ya Kaskazini, walikuwa wamebatiza kwa jina la Muumbaji, Mkombozi na Mtakasaji. Mwaka 2008 Idara ya Mafundisho ya Imani ilitangaza kwamba ubatizo wa namna hiyo si halali, na waliopewa maji kwa maneno hayo wabatizwe. Sababu inaeleweka: majina hayo yanataja kazi ambazo Mungu mmoja hufanya, lakini hayasemi Nafsi tatu za Mungu ni nani kila moja kwa nyingine. Kwa familia zilizohusika lilikuwa pigo, maana ubatizo ukianguka, na ndoa na sakramenti nyingine huingia shakani.

Januari 2013, mjini Austin, Texas, maaskofu Wakatoliki wa Marekani na makanisa kadhaa ya Kireformati walitia sahihi makubaliano ya kutambuliana ubatizo, unaotolewa kwa maji na kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Kati ya waliotia sahihi lilikuwamo United Church of Christ, kanisa lililotoa mwaka 1995 kitabu cha nyimbo chenye lugha jumuishi kupita karibu vyote vilivyokuwepo. Walibatiza kwa maneno ya kale na kuimba kwa maneno mapya, na hawakuona mgongano.

Hali ilivyo sasa

Kanisa la Uingereza liliondoa men katika Nasadiki ya kitabu chake cha Common Worship mwaka 2000. Katika toba nako, mahali palipotaja dhambi dhidi ya wanaume wenzetu pakawekwa jirani. Kanisa la Sweden lilipitisha kitabu kipya cha ibada mwaka 2017, kikaanza kutumika Pentekoste ya 2018, kikiwapa wachungaji njia zaidi ya moja ya kumtaja Mungu. Mwaka huohuo wa 2018 Waanglikana wa Marekani waliruhusu sala za Ekaristi zenye lugha pana zitumike kwa majaribio, bila kukiondoa Kitabu cha Sala cha 1979.

Kwa upande wa Wakatoliki, Septemba 2017 Papa Fransisko aliwarudishia maaskofu sehemu kubwa ya mamlaka juu ya tafsiri. Uwezo wa kurekebisha upo, nao umekwisha kutumika. Jumatano ya Majivu, tarehe 17 Februari 2021, parokia za Marekani na za Uingereza zilianza kumalizia sala ya mwanzo wa Misa bila neno moja ambalo halimo katika Kilatini. Roma ilieleza sababu, maaskofu wakatoa tangazo, makuhani wakalifuta kwa kalamu katika Misale zao, na waamini wakaitikia Amina kama kawaida. Men bado limechapwa katika Nasadiki.